Mswahili ni Nani? Waandishi wa Insha na Sifa Walizotuvika

Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametufahamisha katika Suratul Hujurat kwamba tumejaaliwa kuwa mataifa na makabila kwa ajili ya kujuana, na kwamba mbora wetu mbele Yake ni yule mwenye kumcha zaidi. Katika aya hiyo moja mna mambo mawili ambayo wenye kuandika juu ya watu na tabia zao huyasahau mara kwa mara. La kwanza ni kuwa mtu kuwa na jina na asili si aibu. La pili ni kuwa jina na asili peke yake si daraja.

Juma hili tunataka kulizungumzia swali ambalo huingia majumbani mwetu kwa milango mingi. Mtoto huulizwa skuli kabila lake. Akijibu kuwa yeye ni Mswahili, huambiwa kwamba hiyo ni lugha wala si kabila. Msichana huposwa na kijana mwenye dini na kazi ya halali, posa ikarudishwa kwa kuwa haijulikani babu yake kijana alitoka wapi. Na huko barabarani neno uswahili limekuwa jina la ujanja, maneno mengi na ahadi zisizotimizwa. Mambo haya matatu yaonekana kuwa mbalimbali, lakini shina lake ni moja. Yuko mtu, mahali fulani, aliyekaa akaandika Mswahili ni nani na tabia yake ni ipi, kisha maneno yake yakaenea hata yakawa kama ambayo hayakuandikwa na mtu.

Basi tumeona inafaa tuwatazame waandishi hao, wageni na wenyeji, tuone walichagua nini, wakaacha nini, na sisi wazazi tuwaambie nini watoto wetu.

Kuchagua ni kuhukumu

Mwandishi wa insha juu ya utamaduni hafanyi kazi ya mwenye kuhesabu watu. Yeye huchagua. Katika mambo elfu wayafanyayo watu tangu alfajiri hadi isha, huokota matatu au manne, akasema: hawa ndio wao. Aweza kuokota ukarimu, akauacha ubaguzi. Aweza kuokota usafi na harufu ya udi, akaliacha deni la harusi lililomlemea baba wa watu. Hajasema uongo kwa kila alilolitaja, lakini picha aliyoichora si ya mji mzima.

Tangu hapo sifa iliyochaguliwa hugeuka kipimo. Aliye nayo huhesabiwa kuwa ni wa ndani, na asiye nayo huitwa mtu wa kuja, hata kama kaburi la bibi wa bibi yake limo katika makaburi ya mji ule ule. Tena kila mwandishi ana msomaji wake. Anayewaandikia watawala huandika namna moja, anayewaandikia watalii huandika namna nyingine, na mama anayemwandikia bintiye huandika vyake. Kabla ya kuikubali sifa, au kuikasirikia, ni vyema kuuliza iliandikwa kwa ajili ya nani.

Waliotutazama kutoka nje

Mwaka 1331 msafiri wa Kimoroko, Ibn Battuta, alipita Mombasa akielekea Kilwa. Alilala usiku mmoja tu, lakini maneno machache aliyoyaacha yamedumu karibu miaka mia saba. Aliwasifu watu wa kisiwa kwa dini na wema wao, akataja kwamba wanafuata madhehebu ya Imam Shafi na kwamba misikiti yao ilikuwa ya mbao, iliyojengwa vizuri. Kisha akaeleza jambo dogo: penye mlango wa msikiti pana kisima, watu huteka maji kwa chombo cha mti chenye mpini, huosha miguu, wakaifuta juu ya jamvi nene kabla ya kuingia.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu maelezo yake ya Mombasa hayakujishughulisha na nasaba. Alieleza kitendo. Na kitendo kile kila mmoja wetu akijua leo, kwa maana miguu huoshwa vile vile.

Waandishi waliokuja na ukoloni walikuwa na swali jingine. Wao walitaka kujua Mswahili ana sehemu ngapi za Uarabu na sehemu ngapi za Uafrika, kwa kuwa serikali yao iliwapanga watu kwa rangi, na kila daraja lilikuwa na kodi yake na haki zake. Mtu asiyetulia katika kisanduku kimoja aliwaudhi. Wengi wao waliandika kwamba Mswahili ni mchanganyiko tu, kama kwamba mchanganyiko hauwezi kuwa kitu kamili. Mchele na tui la nazi vikishakuwa wali, hakuna tena anayeketi kuvitenganisha.

Sifa nyingine waliyotupa ni uvivu. Hapa twapaswa kuijua historia. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwanahistoria Frederick Cooper ameonyesha kwa urefu jinsi watu waliokuwa watumwa walivyopendelea kujilimia vishamba vyao na kufanya vibarua kwa hiari yao kuliko kurudi chini ya amri ya mwenye shamba. Mwenye shamba na mkoloni waliokosa mikono ya bei rahisi hawakuuliza kwa nini watu wamekataa. Waliandika kwamba watu wa pwani ni wavivu, na neno likabaki. Mpaka leo mtoto wetu aendapo bara hulikuta likimngoja.

Leo neno hilo limevikwa nguo mpya. Vijitabu vya utalii husema kwamba pwani hakuna haraka wala shida, na hutaka tufurahi kusifiwa hivyo. Mvuvi aliyeingia baharini kabla ya alfajiri na mama aliyeamka kuchoma mahamri ya kuuza hawamo katika picha hiyo.

Walipoandika wenyewe

Wenyeji nao hawakunyamaza, nao pia hawakusema kwa sauti moja.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa mawaidha ambao kila nyumba ya pwani imewahi kuusikia. Ule ni ushairi wala si insha, lakini kazi yake ni ile ile ya kutaja sifa. Alimtajia binti yake dini, adabu, ukweli, ulimi mzuri, usafi wa nyumba na namna ya kuishi na mume. Hakuna mwanamke mwingine wa zamani aliyetuachia picha kamili hivyo ya mwanamke muungwana. Hata hivyo utendi huo huo wamwonya binti asijichanganye na watumwa ila kwa ajili ya kazi. Tunaupenda utendi, nasi tunausomesha, lakini hatuna budi kuliona hilo. Uungwana uliosifiwa pale ulikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta walikuwako wanawake wengine, waliotwanga na kupika na kulea, ambao hawakuulizwa sifa zao ni zipi.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani ya Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin, alikwenda njia nyingine. Maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu kilichotolewa mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, kinachoeleza desturi za Waswahili. Yeye hakuanza kwa kusifu. Alieleza mimba na uzazi, malezi ya mtoto, chuo, jando, ngoma, ndoa, kilimo, utumwa, maradhi na maziko. Msomaji akifunga kitabu anajua Mswahili anafanya nini kuliko anavyojua Mswahili anajivunia nini.

Kisha akaja Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891 na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937. Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo la Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah. Makala yake yalikuja kukusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Sheikh aliwaandikia watu wake kwa lugha yao, na hakuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliwalaumu kwa kuipuuza elimu, kwa kufuja mali katika sherehe, na kwa kuiga mavazi na mienendo ya Wazungu huku wakiacha kuiga bidii na umoja wao. Aliyoyaandika yaliuma. Lakini hakuwa mtu wa nje anayecheka. Alikuwa mmoja wa jamaa, na aliposema watu wetu alijihesabu nao. Katika mikono yake sifa za jamii si pambo la kuvaa Idi. Ni deni ambalo kila mmoja hudaiwa.

Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, aliichukua kazi hiyo akaipeleka duniani. Katika mfululizo wa filamu zake za televisheni za mwaka 1986 alieleza kwamba Afrika ina urithi wa namna tatu: wa asili ya Afrika yenyewe, wa Uislamu na wa Magharibi. Hatudhani ni ajabu kwamba fikra hiyo ilitoka kwa mtoto wa Mombasa, mji ambao urithi huo hupatikana wote katika mtaa mmoja. Baba aliandika ili watu wa ndani wajisahihishe. Mwana aliandika ili watu wa nje watufahamu. Kazi zote mbili zinahitajika, na aliye na moja tu hupungukiwa.

Mwaka 1994 watoto wengine wawili wa pwani hii, Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff, walitoa kitabu kwa Kiingereza wakijibu moja kwa moja swali la Mswahili ni nani. Hoja yao ni kwamba Waswahili ni watu wa Afrika, na kwamba tangu zamani Uswahili umekuwa mlango ulio wazi: mtu huingia kwa kuishi na watu, kusema lugha yao na kushika mwenendo wao. Kutaka usafi wa damu, wamesema, ni kipimo cha Wazungu tulichopimwa nacho, nasi tukakiokota tukaanza kupimana wenyewe kwa wenyewe.

Neno lililobadilika

Wenye kuchunguza historia ya lugha wametuonyesha jambo linalofaa kukumbukwa. Zamani neno kubwa la sifa njema lilikuwa uungwana. Katika karne ya 19, baada ya utawala wa Waomani kuimarika Unguja na pwani, neno ustaarabu lilipata nguvu na kulisukuma kando lile la kwanza. Neno hili lina mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kujifanya kama Mwarabu. Hakuna ubaya kwa lugha kuazima, wala hakuna ubaya kwa Mwarabu. Lakini tazama kilichotokea: jina la tabia njema liligeuka kuwa jina la kufanana na watu fulani. Toka hapo hadi kumwuliza kijana babu yake alishuka kutoka jahazi gani, si mwendo mrefu.

Hata uungwana wenyewe, kama tulivyoona, ulikuwa na ukuta wake, kwani muungwana alikuwa pia ni yule asiye mtumwa. Ni wahenga waliouvunja ukuta ule kwa maneno matatu: uungwana ni kitendo. Methali hiyo yatosha kuwa insha nzima. Yasema kwamba sifa haiko katika damu wala katika kilemba. Yaonekana katika jambo mtu alifanyalo, na yaweza kupotea kesho akiliacha.

Mama aliyesahauliwa

Waandishi wengi wa nasaba wameandika majina ya baba: nani alitoka Shirazi, nani Hadhramaut, nani Oman. Mwaka 2023 wanasayansi walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa chembe za urithi za watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani yetu kati ya mwaka 1250 na 1800. Walikuta kwamba kwa wengi wa watu hao wa miji ya pwani zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika, nayo imepitia hasa kwa wanawake. Walikuta pia kwamba sehemu kubwa imetoka Asia, hasa kwa wanaume wa Kiajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000.

Kwa hivyo wazee waliosimulia habari za Washirazi hawakuwa wakiota. Lakini masimulizi yao yalikuwa nusu ya habari. Nusu ya pili ni ya mama, na ushahidi wake tumekuwa nao vinywani siku zote. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, ndugu wa karibu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro, ijapokuwa kimejaa maneno ya Kiarabu. Baba alileta jina na bidhaa. Watoto walisema lugha ya mama yao. Lau mama asingekuwa na nguvu katika nyumba ile, leo tungekuwa tukisema lugha nyingine.

Wachimbaji wa mambo ya kale nao wametoa ushahidi wao. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alifukua msikiti juu ya msikiti, wa chini kabisa ukikisiwa kuwa wa karne ya 8. Mji ule haukuletwa mzima kutoka ng'ambo. Ulikua pale pale, kuanzia nyumba za miti na udongo hadi za mawe, na watu wake wakasilimu na kuendelea kuishi walipokuwa wakiishi. Basi mtoto anayeambiwa kwamba yeye ni mgeni katika nchi hii ana jibu, na jibu hilo halimlazimishi kumkana baba wala mama.

Maswali matatu ya nyumbani

Tukiisha kuyajua haya, tufanye nini? Tunawapendekezea wazazi, na hasa akina mama, maswali matatu ya kumfundisha mtoto kila asomapo au asikiapo maneno juu ya watu wake.

La kwanza: nani aliyeandika, na alimwandikia nani? Kitabu cha skuli, gazeti, tangazo la hoteli na hotuba ya mwanasiasa kila kimoja kina shauri lake. Mtoto akizoea kuuliza hivyo hatavunjwa moyo na tusi, wala hataleweshwa na sifa.

La pili: nani ameachwa nje? Tukisema Mswahili ni mwenye nyumba ya mawe, tumemtoa mwenye nyumba ya makuti. Tukisema Mswahili ni mwenye shajara ya nasaba, tumemtoa jirani tuliyeswali naye safu moja miaka thelathini. Mtume (S.A.W.) katika hija yake ya kuaga alituusia kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu ila kwa ucha Mungu, na ametufundisha pia kuwa anapokuja kuposa mtu ambaye dini na tabia yake zinaridhisha, tumwoze. Tunajua kwamba wanavyuoni wameandika mengi juu ya kufu, na hapa si mahali pa fatwa. Tunasema tu kwamba mzazi anayerudisha posa na ajiulize kwa haki: je, ninalinda dini na maslaha ya binti yangu, au ninalinda sentensi iliyoandikwa na mtu asiyenijua?

La tatu: sifa hii inanidai nini? Sifa isiyodai kitu ni marashi. Hunukia kisha ikapotea. Tukisema sisi ni wakarimu, na tuulize mfanyakazi wa ndani anakula wapi na anakula nini. Tukisema sisi ni watu wa heshima, na tusikilize namna tunavyowaita majirani zetu wa Kimijikenda wanapokuwa hawapo. Tukisema sisi ni watu wa elimu, na tuhesabu vitabu vilivyomo nyumbani, kisha tuhesabu vyombo vya kabatini.

Pamoja na maswali hayo tunaomba jambo moja la vitendo. Katika majina tuliyoyataja, wanawake ni wachache mno. Wanawake wa pwani hawakukosa la kusema. Walisema katika vyumba, arusini na matangani, na mengi hayakuandikwa. Leo binti zetu wanaandika insha skuli kila wiki. Mama na ampe binti yake kazi ya kumuuliza bibi yake namna mtoto alivyopewa jina, namna deni lilivyolipwa, namna majirani walivyosuluhishwa walipogombana, kisha ayaandike kwa Kiswahili kizuri, bila kupamba na bila kuficha. Kurasa mbili za namna hiyo zina faida kuliko maneno mengi ya kujisifu, na atakayekuja kuuliza baada ya miaka hamsini Mswahili alikuwa nani atakuta jibu limeandikwa na mwenyewe.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu, kama tulivyoona, umekwisha kutuandika mara nyingi bila kutuuliza. Tunamwomba Mwenyezi Mungu azifanye tabia zetu kuwa njema kuliko sifa zetu, na awape watoto wetu kalamu na ukweli wa kuandika nao. Amin.